Dawa ya Kushika Damu na Mke wa Kapteni

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kabati la dawa za usingizi, nikapewa saa ya ukutani na keki. Vijana mlisema maneno mazuri. Lakini mmoja wenu alisema kwamba sisi wa zamani "mlikuwa mnakata tu na kumwachia Mungu", na wengine mkacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda nyumbani nikakasirika. Ndiyo sababu naandika. Hatukumwachia Mungu kazi tuliyojua kuifanya. Tulimwachia ile nyingine, na ilikuwa nyingi.

Mimi naitwa Andama, mtu wa Manibe, kijiji cha karibu na Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Baba yangu alilima muhogo, na ningelima mimi pia kama nisingepanda lori nikiwa na miaka kumi na saba kwenda kukata miwa Busoga, kama walivyofanya vijana wengi wa West Nile. Wenzangu walirudi na baiskeli na redio. Mimi nilirudi na diploma. Nilijisomesha mwenyewe, asubuhi panga, jioni kitabu, mpaka nikaingia chuo cha matabibu wasaidizi Kampala, na nilipomaliza nikaongeza mwaka mmoja wa dawa za usingizi. Mwaka wa sabini na moja, niliposhuka Arua na sanduku langu la bati, hapakuwa na mtoto mwingine wa Manibe mwenye karatasi kama yangu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Mama yangu aliizungushia kitambaa chake cha kanisani isishike moshi.

Hospitali niliyopangiwa nitaiita hospitali tu. Siku ya kwanza niliingia chumba cha upasuaji nimevaa tai. Msimamizi wa chumba alikuwa Mama Honorine, muuguzi kutoka Kongo, ambaye jamaa zake walivuka mpaka wakati wa vurugu za kwao wakafungua biashara ya vitenge mjini. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Wewe ndiyo Bwana Diploma?"

"Ndiyo, Mama."

"Muzuri. Mutu ya diploma anajua kufua?"

Akanipa beseni la shashi, vile vitambaa vya kufyonzea damu jerahani, zikiwa zimelowa. Siku hizo shashi hazikutupwa. Tulizifua, tukazianika, tukazikunja, tukazipika kwa mvuke na kuzitumia tena mpaka zikabaki nyuzi. Nilifua wiki nzima nikiamini ananidhalilisha. Baadaye nikaelewa. Aliyefua shashi kwa mikono yake anajua kila moja imekunywa damu kiasi gani, na hahitaji kuambiwa mgonjwa amepoteza nini. Mpaka leo, nileteeni beseni, sitakosea kwa zaidi ya kikombe cha chai. Wasioniamini walipima shashi kwa mizani ya maziwa ya unga ya kliniki ya watoto, na mara zote mizani ilikubaliana na mimi.

Mpasuaji wetu alikuwa Daktari Opito, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, mwenyeji wa Lango. Ninyi mliozaliwa baadaye hamwezi kujua uzito wa neno hilo. Wakati wa serikali ile ya wanajeshi, kuwa mtu wa Lango au Mwacholi kulitosha kumfanya mtu aitwe nje ya ofisi yake mchana na asirudi kuchukua koti. Sote tulijua, na hakuna aliyesema. Daktari aliishi katika nyumba ya zamani ya serikali pale kilimani. Alikuja kazini kwa miguu, na kila siku alipita njia tofauti. Ufundi wake ulikuwa kuhamisha ngozi. Mtu aliyeungua au aliyebaki na shimo baada ya uvimbe kutolewa, Opito alimwinulia kipande cha ngozi na mafuta kutoka mahali palipo pazima, akakigeuza na kuziba. Alipofanya hivyo, mimi nilikaa kichwani pa mgonjwa na chupa yangu ya etha, na sijawahi kupoteza mtu mezani kwa etha. Ulizeni.

Adui yetu alikuwa damu. Ngozi ikiinuliwa hivyo, hutoka jasho jekundu kila mahali, si mshipa mmoja unaoweza kuufunga. Na benki ya damu hatukuwa nayo. Mgonjwa alikuja na ndugu zake, nasi tukatafuta kati yao aliyefanana naye damu.

Mwaka wa sabini na mbili, Wahindi walipopewa na serikali siku zao za kuondoka nchini, mwenye duka moja la dawa mjini alituletea katoni. Hakutaka chochote. Alisema tu, "Msimpe asiyejua," akaenda zake. Ndani mlikuwa na ampuli za asidi ya traneksamiki. Opito alizishika kama mayai. Akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi kwa maneno yale yale. Damu ikishaganda kwenye jeraha, mwili una kitu chake cha kuiyeyusha tena. Dawa hii haigandishi damu. Inazuia ile iliyokwisha kuganda isiyeyuke upesi. Huitwi mganga ukiwa nayo. Unapunguza tu hasara. Hapewi mtu ambaye damu imewahi kumganda mguuni au kifuani. Inaingia kwenye mshipa kabla ya kisu, polepole, dakika kumi nzima, kwa sababu ukiisukuma haraka presha inaanguka. Tuliiita dawa ya kushika damu. Tuliitumia kwa uchoyo, kwa waliohamishiwa ngozi tu, na nikaanza kuona beseni likija jepesi.

Mwaka wa sabini na nne ililetwa kwetu, kwa gari la jeshi kutoka Koboko, familia ya Kapteni Rajabu. Mke wake mkubwa, Mama Zaina, alikuwa ametolewa titi la kushoto mahali pengine kwa sababu ya uvimbe. Uvimbe haukurudi, lakini jeraha halikufunga vizuri. Ngozi ilikuwa nyembamba kama ya kitunguu, ilipasuka kila alipoinua mkono. Hakuweza kutwanga wala kujifunga kanga.

"Mke mwenzangu anasema mimi iko mwanaume nusu," alituambia, akicheka bila kufungua mdomo. "Mimi nataka titi. Hata kama ya kudanganya. Mimi nataka kuvaa nguo."

Opito alimchunguza, akasema inawezekana. Atachukua ngozi na mafuta ya tumbo la juu, akigeuze kipande kuelekea kifuani na kukishona kama titi, huku upande mmoja kikiwa bado kimeshika tumboni, kama jani kwenye kikonyo chake, kipate damu ya kuishi. Baada ya wiki tatu, kikishaota mizizi kifuani, kikonyo kinakatwa. Operesheni mbili. Kapteni alisikiliza, bastola imelala pajani.

"Damu iko," alisema. "Mimi naleta askari sita. Nyinyi nachagua."

Wakaletwa, wakapangwa mstari barazani. Nilikwenda wodini kumwambia mama habari njema. Alinishika mkono.

"Hawa vijana mimi najua kazi yao," alisema kwa sauti ya chini. "Wanakuja kula kwangu, wananawa mikono kwa maji yangu. Damu yao isiingie kwa mwili yangu. Afadhali nife. Lakini usimwambie mume yangu."

Sasa niambieni, ninyi wenye shahada, mngemjibu nini kapteni? Mimi nilirudi barazani, nikasimama wima, nikasema kwa sauti ya kisomi:

"Afande, askari waende. Tuna dawa ya kushika damu. Damu haitatoka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaichomeka bastola kiunoni. "Sawa, Daktari. Mimi nasikia wewe."

Nilipomwambia Opito, alivua miwani yake akaifuta ingawa haikuwa chafu. "Andama," alisema, "umemwahidi mtu mwenye bastola kitu ambacho hakipo duniani."

Asubuhi ya operesheni, Mama Zaina alikuwa tayari mezani, nami nimeanza kumchoma dawa, mlango ukafunguliwa. Kapteni aliingia na buti zake na kofia. Mama Honorine ndiye aliyetembea mpaka mbele yake, kichwa chake kikifika kwenye vifungo vya shati.

"Afande. Viatu."

"Nini?"

"Hapa hata bishopu anatoa viatu. Bibi yako atapata kidonda kuoza juu ya buti yako."

Akatoa. Alisimama ukutani pekupeku, bastola kiunoni, akitazama mkono wangu. Na mkono wangu, vijana, ulifanya kosa ambalo diploma haikuuzuia. Nilikuwa natakiwa kutumia dakika kumi. Nilitaka tu lile bomba la sindano liwe tupu ili mtu yule aache kulitazama. Nikaisukuma dawa yote. Mama Zaina akageuka rangi, akatapika pembeni, na presha ikashuka mpaka sikuisikia kwenye kifaa.

"Andama," Opito akasema, bila kupaza sauti, "inua miguu yake. Fungua dripu yote."

Niliinua miguu. Mama Honorine alifinya mfuko wa maji kwa mikono miwili. Nilihesabu mapigo ya mshipa wa shingo ya mgonjwa, na nikahesabu hatua kati ya meza na dirisha. Presha ilirudi polepole kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Kapteni hakuelewa kilichotokea, na hiyo ndiyo iliyotuokoa sote wanne. Tangu siku ile sijawahi kuisukuma dawa ile haraka, hata nyumba ikiwaka moto.

Nikamlaza kwa etha, Opito akakata. Ngozi iliinuka safi. Jasho la damu lilikuja, lakini liliganda na kukaa palepale lilipoganda, na shashi zilikwenda beseni moja moja badala ya lundo. Nilizihesabu, nikajua kabla ya mizani kwamba hatutahitaji damu ya mtu. Lakini beseni lilikuwa jekundu, na kapteni alikuwa na macho.

"Hii iko nini?"

"Damu, Afande," nikasema.

"Wewe ulisema hata kidogo."

Mama Honorine hakugeuka. "Ile? Afande, kuku ya sikukuu inatoa damu kupita ile."

Kisha kapteni akacheka, akachukua buti zake mkononi, akatoka. Opito akashona mpaka uzi wa mwisho.

Hofu ya pili ilianza siku iliyofuata. Kipande cha ngozi kilichohamishwa kinaweza kufa, na tulikuwa tumempa dawa inayolinda damu iliyoganda. Ingelinda pia donge ndani ya kikonyo kama lingetokea. Vitabu vyangu vilisema tazama rangi, ikiwa ya waridi ni nzuri. Mama Zaina ni Mkakwa, mweusi wa kung'aa. Waridi ningeiona wapi? Opito alinifundisha. Weka mgongo wa mkono, si kiganja. Linganisha joto na bega la pili. Bonyeza, achia, tazama kinavyojaa tena. Ukiwa na shaka, choma kwa sindano nyembamba: damu nyekundu ikija, kinaishi, ikija nyeusi, kimesongwa, isipokuja, kimekufa.

Siku ya tatu nilikuwa nachoma kapteni alipoingia.

"Wewe Daktari," alisema, akivuta kiti. "Kwanza unasema damu haitatoka. Sasa unaitafuta na sindano?"

"Nataka tone moja tu, Afande."

"Na ikikataa?"

Nilibonyeza. Tone lilikawia, kisha likaja, jekundu kama pilipili. Kwa mara ya kwanza maishani nilimshukuru mtu kwa kutoka damu.

Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaingia. Kazi yangu ilikuwa kukizoeza kipande kuishi bila kikonyo. Nilikibana kikonyo kwa mpira laini, dakika tano, kesho yake kumi, kisha nusu saa, nikiweka mgongo wa mkono kila mara. Kilibaki na joto. Nilimtangazia kila mtu. Nilimwambia mpaka mpishi. Mama Zaina peke yake hakufurahi.

Siku moja mchana, wodi ikiwa imelala, aliniambia niiname kama ninayetazama jeraha.

"Usiringe sana," alisema. "Nasikia kwa nyumba yangu. Jina ya daktari yenu iko kwa karatasi ya hawa vijana, ya watu ya kuchukua. Mume yangu amesema wangoje. Amesema bibi yake apone kwanza."

"Apone lini?"

"Siku mutakata hii kikonyo. Ikikatika, daktari iko yao."

Nilisimama pale na mpira mkononi. Kila dakika niliyoiongeza, kila joto nililolisifu, nilikuwa naipeleka siku ya Opito karibu. Nikasema labda tuchelewe. Akatikisa kichwa. Mume wake alikwisha kuambiwa wiki tatu, na anahesabu. Ni mtu wa jeshi.

"Daktari aende," alisema. "Wewe ukate. Mimi nitasema yeye alikata."

"Mama Zaina, mimi ni mtu wa usingizi. Sijawahi kukata hivyo."

"Si una diploma?"

Opito alisikiliza yote akiwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, mahali pa kufulia shashi. Hakuuliza kama ni kweli. Mama Honorine alikuwa amekwisha kupanga. Jumatano ni soko la mpakani, na ndugu zake wangevuka na mizigo ya vitenge.

"Daktari, Jumatano wewe ni shemeji yangu," alimwambia. "Wewe ni bubu tangu kuzaliwa. Mutu akiuliza kitu, unatoa ulimi."

"Na sindano zangu? Vitabu?"

"Bubu gani iko na vitabu?"

Jumanne mchana Opito alikwenda wodini mara ya mwisho. Kwa dawa ya zambarau alichora mstari kwenye kikonyo, na kwenye ngozi ya tumbo akachora misalaba miwili midogo pale mishipa ilipopita chini. "Kata hapa," aliniambia. "Hapa na hapa utafunga kwanza. Usifikiri. Kufikiri nimemaliza mimi." Akanawa mikono, kama siku zote, mpaka kwenye viwiko. Jumatano nilimwona kwa mbali akisukuma baiskeli yenye magunia katika kundi la Wakongo, koti fupi kwenye mikono yake mirefu. Sikupunga mkono.

Alhamisi asubuhi tulifunga mlango kwa ndani. Tulikuwa watatu tu: mgonjwa, Mama Honorine na mimi. Nilimchoma Mama Zaina ganzi. Ampuli mbili za mwisho za dawa ya kushika damu niliziingiza kwa dakika kumi kamili, Mama Honorine akihesabu kwa sauti kama anayesali rozari. Nikashika kisu.

"Mkono yako inatetemeka," alisema Mama Zaina.

"Ni baridi, Mama Zaina."

"Arua iko baridi wapi?"

Nilifunga mshipa wa kwanza penye msalaba. Wa pili ulinichoropoka, ukarusha damu mpaka kwenye miwani yangu, na kwa kitambo sikuona chochote ila wekundu. Nilisikia sauti ya Mama Honorine: "Kidole. Weka kidole. Sasa pumua, Bwana Diploma." Nikaweka kidole. Nikapumua. Nikafunga uzi. Kisha nikakata juu ya mstari wa zambarau, na kikonyo kikaachia. Niliweka mgongo wa mkono juu ya titi jipya nikangoja. Dakika moja. Tano. Kumi. Lilikuwa na joto la mtu. Shashi zilizotumika zilikuwa nne. Nne, vijana. Nimewaona wapasuaji wa vyuo vikuu wakitumia ndoo.

Kapteni alifika mchana. Alimtazama mke wake amelala, shuka ikiwa imeinuka pande zote mbili. Alivua kofia yake, na usoni mwake niliona kitu ambacho ningekiita upole kama ningekuwa simjui.

"Daktari iko wapi?"

"Amekwenda kulala, mume yangu," alisema Mama Zaina, macho yamefumbwa. "Amechoka. Ameniambia bandeji isifunguliwe mpaka Jumatatu. Atafungua mwenyewe."

Kapteni akanigeukia mimi. Kwenye miwani yangu kulikuwa na doa ambalo sikulifuta vizuri.

"Na wewe? Wewe ndiyo unasemaga sana. Wewe ulifanya nini?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu asubuhi, linanijaa kifuani. Kazi ya mkono wangu ilikuwa imelala mbele yetu, inapumua.

"Mimi nilishika taa tu, Afande. Mimi sijui kukata."

"Basi Jumatatu nakuja kumshukuru yeye."

"Nitamwambia, Afande."

Jumatatu walikuja wengi, si yeye peke yake, na nyumba ya kilimani waliikuta imefungwa. Mimi na Mama Honorine tuliulizwa maswali siku mbili, na yaliyotokea katika siku hizo sitayaandika. Tulisema neno moja: Daktari alikata Alhamisi, hatukumwona tena. Mama Zaina aliapa hivyohivyo kwa mume wake, na tulirudishwa kazini.

Faili lake labda bado lipo kwenye stoo, kama mchwa hawajalimaliza. Mkilipata, msome ukurasa wa operesheni ya pili. Ni mwandiko wangu. Penye mpasuaji pameandikwa Daktari Opito. Damu iliyopotea: shashi nne. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, mahali pa jina langu: alishika taa.